Uzee na Vijiji vya Rika katika Rungwe

Elimu ya uzee, ambayo wataalamu huiita jerontolojia, ni changa miongoni mwa elimu za vyuo vikuu. Jina lake lilitungwa mwaka wa 1903 na Élie Metchnikoff, mtaalamu mzaliwa wa dola ya Urusi aliyekuwa akifanya kazi Paris. Na tangu hapo watu wengi wameutazama uzee kwanza kama jambo la mwili: mifupa, damu, macho na kumbukumbu. Lakini mtu huzeeka mbele ya wenziwe, na hao ndio waamuao ni lini amekuwa mzee, na kwamba anastahili nini. Atakaye kuliona jambo hili kwa ushahidi ulioandikwa, mahali pafaapo sana ni vilima vilivyouzunguka mji wa Tukuyu, chini ya mlima Rungwe.

Godfrey Wilson alifika huko mwaka wa 1934 kuchunguza maisha ya Wanyakyusa, na mwaka uliofuata akaungana naye mkewe, Monica. Uchunguzi wao ulikwisha mwaka wa 1938. Godfrey alipofariki mwaka wa 1944, kazi ya kuandika ilimwangukia mjane wake, naye akatoa kitabu cha Good Company mwaka wa 1951. Mwaka wa 1952 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Kitabu hicho hakikukusudiwa kuwa cha jerontolojia, walakini ndani yake mna habari za uzee zisizopatikana kwa urahisi penginepo.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Wavulana walipofikia umri wa miaka 10 hivi, waliacha kulala nyumbani mwa wazazi, wakajijengea vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao. Waliendelea kulima pamoja na baba zao, na kula kwa mama zao, wakienda kwa makundi kutoka nyumba hata nyumba. Walipooa, walileta wake zao katika kijiji kile kile, wakazeeka humo pamoja. Hivyo jirani wa mtu hakuwa baba yake wala mwanawe, bali mwenzi wa rika lake. Wema waliousifu waliuita ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza pamoja na wenzi. Na mtu aliyekula peke yake alishukiwa ubaya, hata uchawi.

Uzee basi haukuhesabiwa kwa miaka. Ulikuja kwa sherehe iitwayo ubusoka, ambayo kwayo kizazi cha wana kilikabidhiwa nchi. Wana wa chifu walitambuliwa kuwa watawala, na wazee wakasogea kando ili kuwapisha vijana wenye ardhi. Ilitazamiwa kwamba chifu mzee hangeishi siku nyingi baada ya hapo. Hivyo heshima ya uzee ilikwenda pamoja na wajibu mgumu: kuachia madaraka wakati ambapo nguvu bado zimo.

Hata hivyo, si haki kuyapamba mambo hayo. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, na mali ya marehemu ilipita kwanza kwa ndugu zake kabla ya kuwafikia wanawe. Kijana alingoja kuoa miaka mingi, huku wazee wakiwa na wake wengi. Nchi waliitoa, lakini zizi walilishika.

Mizani hiyo ilipinduliwa na mshahara. Vijana walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, na baadaye katika migodi ya kusini, wakarudi na fedha za kununulia ng'ombe wao wenyewe. Kahawa nayo iliifanya ardhi kuwa mali. Mtu aliyepanda miti ya kudumu hakuwa tayari kuhama ili kuwapisha vijana, na P. H. Gulliver, katika uchunguzi wake uliotolewa mwaka wa 1958, alionyesha jinsi uhaba wa ardhi ulivyoidhoofisha desturi ya kale. Mwaka wa 1963 sheria ikauondoa uchifu katika Tanganyika, na ubusoka ukakosa nchi ya kukabidhi.

Wataalamu wa baadaye walihoji kama vijiji vya rika vilikuwa imara kama vilivyoelezwa. Monica Wilson mwenyewe alirudia suala la vizazi katika For Men and Elders, mwaka wa 1977, akifuata mabadiliko tangu 1875 hata 1971.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka wa 2003 imemtaja mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Hesabu hiyo yafaa kwa serikali, maana huduma hazigawanywi bila kipimo. Lakini Rungwe yafundisha kwamba kipimo cha miaka hakitoshi. Mzee wa kale alijua atakula na nani jioni, na alijua siku ya kuwapisha wanawe. Mzee wa leo aweza kuwa na shamba lake, na nyumba yake ya bati, asiwe na mwenzi wa rika mlangoni. Chuo kitakachofundisha elimu ya uzee katika Afrika ya Mashariki hakina budi kupima damu na mifupa; tena hakina budi kuuliza mzee yule ana nani wa kula naye.