Kingi Anayeruka: Afutwe, au Ahesabiwe Hatua?

Ihanda iko kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, na madereva wanaosikia kwamba foleni ya mpakani ni ndefu huona heri kupumzika hapo kuliko kulala mbele ya geti. Chini ya mti mmoja pana ubao wa drafti. Ubao wenyewe ni kipande cha mbao kilichochorwa miraba kwa mkono, na kete ni vizibo vya soda: upande mmoja vimelazwa kifudifudi, upande wa pili chali. Kete ikifika mstari wa mwisho hubebeshwa kizibo cha pili mgongoni, ikawa kingi, na kuanzia hapo ubao mzima ni uwanja wake.

Nilikaa hapo nikisubiri usafiri, nikasikia mabishano ambayo nimeshindwa kuyaacha barabarani. Vijana walikuwa wakipanga shindano la kugombea mbuzi. Mmoja wao, ambaye wenzake walikiri kuwa ndiye fundi kuliko wote, alitaka kanuni mpya: kingi asiruke. Atembee hatua moja moja, mbele na nyuma, basi. Mtu anajenga mchezo nusu saa nzima, alisema, kisha kete moja iliyoponyoka inafika mwisho na kufagia kazi yote kwa pigo moja. “Hiyo si kete tena, ni mnyama.” Mzee aliyeketi upande wa pili hakuinua hata macho. “Mnyama huyo amezaliwa na kete kama yako.”

Mabishano haya ni ya kale kuliko barabara ile. Mwanahistoria H. J. R. Murray, katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu michezo ya ubao, alieleza kwamba drafti ilizaliwa Ulaya katika Zama za Kati kwa kuchukua ubao wa sataranji na kuujaza kete zenye mwendo wa waziri wake. Waziri huyo, aliyerithiwa kutoka kwa Waarabu na Waajemi, alikuwa dhaifu: hatua moja tu ya mshazari. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania, waziri aliyekwisha kugeuzwa malkia akapewa nguvu ya kukata ubao kutoka pembe hadi pembe. Kitabu cha Lucena cha mwaka 1497 kina michezo ya kanuni ya zamani na ya kanuni mpya pamoja, kana kwamba mwandishi hakutaka kugombana na mtu. Wafaransa waliuita mchezo huo mpya sataranji ya malkia mwenye wazimu. Leo hakuna anayekumbuka kwamba malkia aliwahi kuonekana wazimu.

Wapo wanahistoria wanaosema kwamba kingi wa drafti alijifunza kuruka kwa malkia huyo. Vyovyote iwavyo, dunia iligawanyika. Waingereza walimwacha kingi wao atembee hatua moja moja mpaka leo. Wafaransa, Waholanzi, Wahispania na Warusi walimfungulia mshazari wote. Hapa ndipo ninapoona jambo la kuchekesha katika historia yetu: jina la drafti tumelichukua kwa Mwingereza, lakini kingi wetu hatembei Kiingereza. Tulitawaliwa na watu wa kingi mfupi, tukabaki na kingi mrefu. Fundi wa Ihanda, bila kujua, alikuwa anapendekeza turudi kwenye kanuni ya mkoloni. Sisemi hivyo kumbeza, maana kanuni haiwi mbovu kwa sababu ya aliyeileta.

Kinachoiangusha hoja yake kimo ubaoni. Kingi anayeruka ni tisho kwa anayeshinda, lakini pia ndiye kimbilio la anayeshindwa. Katika drafti ya Kirusi ya miraba 64, mtu aliyebaki na kingi mmoja dhidi ya kingi watatu hupata sare akiushika mshazari mrefu, ule ambao Warusi huuita barabara kuu. Hata watatu hawamwondoi hapo. Katika drafti ya Kiingereza, mwenye kingi watatu humwinda yule mmoja taratibu mpaka ammalize. Kumfuta kingi anayeruka ni kumwongezea aliye juu uhakika wa kushinda. Na nani aliyetaka afutwe pale chini ya mti? Ni fundi wa kwanza wa kijiwe, ambaye, kwa maneno ya wenzake, mara mbili alikuwa amenyimwa ushindi na wazee walioshika barabara kuu.

Swali la kwanza kwa kila anayetaka kanuni ibadilishwe ni kwamba anaketi upande gani wa ubao. Wasomaji wangu mlio katika ofisi za umma mnalijua hili kuliko mimi.

Wafrisia, watu wa kaskazini mwa Uholanzi, walichukua njia ya tatu. Drafti yao ina kingi mkali kupita wetu, anayekula wima na ulalo pamoja na mshazari. Hawakumfuta. Walisema kwamba mchezaji akiwa bado na kete za kawaida, kingi yule yule asisogee zaidi ya mara tatu mfululizo bila kula. Baada ya hapo lazima kete nyingine ipewe zamu.

Sisi nasi tumewahi kulipitia. Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1962 iliunganisha ukuu wa nchi na ukuu wa serikali mikononi mwa mtu mmoja, na kingi wetu akapata mshazari wote. Mwaka 1984 tukaweka hesabu: vipindi viwili vya miaka mitano, kisha zamu ya mwingine. Hesabu hiyo imeheshimiwa, nami naiona kuwa miongoni mwa mambo bora tuliyowahi kuyaandika. Lakini ilihesabu muda tu, haikupunguza urefu wa mruko. Tume ya Jaji Warioba iligusa urefu huo, ikapendekeza mamlaka ya uteuzi yapunguzwe. Rasimu yake ikabadilishwa sana ndani ya Bunge Maalumu, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Vizibo bado vimelala ubaoni.

Pale Ihanda hawakupiga kura. Mzee ndiye aliyetoa pendekezo: kingi aruke kama kawaida, ila mwenye kingi watatu apewe hatua kumi na tano, akishindwa kummaliza yule mmoja, iwe sare. Nilishtuka, maana ndiyo hesabu ya Warusi hasa, na sidhani kama mzee yule aliwahi kuusikia mchezo wao. Labda dereva fulani aliiacha hapo.

Fundi alinyamaza kidogo. Gari langu likafika, na nilipokuwa napanda nilimsikia akiuliza: hizo kumi na tano zianze kuhesabiwa kingi wa tatu akivikwa kizibo, au yule mmoja akishaanza kukimbia? Na anayehesabu ni nani?