C.C. na Pesa ya Kikundi

Jamaa anaingia supamaketi. Anafungua mkate, anatoa slaisi mbili, anatafuta nyama, anajitengenezea sandwichi palepale katikati ya rafu. Anateremsha na maziwa, anajipangusa mdomo, kisha anaenda kwa keshia kulipia chingamu peke yake. Hivyo ndivyo inavyoanza C.C. and Company, filamu ya mapikipiki ya mwaka 1970, na jamaa mwenyewe ni Joe Namath. Ukimtoa Muhammad Ali, sijui kama Marekani ya wakati huo ilikuwa na mwanamichezo aliyezungumziwa zaidi.

Niliwaonyesha filamu hii watu wa boda wa steji yetu hapa Nkoroi, Jumapili moja ya mvua isiyo na wateja. Nkoroi ni pale ukishapita Rongai ukielekea Kiserian kwa Barabara ya Magadi. Tulikuwa kama kumi na wawili kwenye kibanda cha mabati, laptopu yangu juu ya kreti ya soda. Watu wa hapa wamezoea muvi zenye sauti ya DJ Afro, na hii haikuwa na DJ yeyote, kwa hivyo kazi ya kutafsiri ikawa yangu. Sandwichi iliwaua. Mmoja alicheka hadi akamwaga chai. Lakini swali la kwanza lilikuwa la haki kabisa: huyu ni nani?

Namath alikuwa quarterback wa New York Jets, yule wa kurusha mpira na kuongoza mashambulizi katika ule mchezo wao wa helmeti na kugongana. Januari 1969, siku chache kabla ya fainali ya Super Bowl III, alitangaza hadharani kwamba Jets watashinda, na hakuna mtu mwenye akili zake aliyewapa nafasi mbele ya Baltimore Colts. Tarehe 12 wakashinda 16 kwa 7. Walimwita Broadway Joe. Alivaa makoti ya manyoya, na hata kunyoa masharubu kwake kulikuwa tangazo la biashara la kulipwa dola 10,000.

Hapa kwetu nyota wa michezo hapelekwi kwenye sinema, anapelekwa kwenye kura. Wesley Korir alishinda Boston Marathon mwaka 2012, mwaka uliofuata akawa mbunge wa Cherangany. McDonald Mariga, aliyekuwa Inter Milan walipochukua Champions League mwaka 2010, aligombea Kibra kwenye uchaguzi mdogo wa 2019 akashindwa. Nilipowaambia wafikirie Mariga amefuga nywele na kuigiza mhuni wa nduthi, wakaelewa mara moja, na wakakubaliana kwamba wangelipa kuiona hata kama hajui kuigiza.

Na Namath hajui kuigiza. Wachambuzi wa Marekani walisema hivyo tangu mwanzo, na ni kweli: anatabasamu kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Ann-Margret, anayeigiza mwanamke wa mambo ya fasheni ambaye gari lake linakwama barabarani, ndiye anayebeba kazi. Mumewe, Roger Smith, ndiye aliyeiandika filamu. Lakini steji yetu haikujali uigizaji hata kidogo. Walitazama anavyokaa juu ya pikipiki, anavyoshika klachi, anavyoingia kona. Wakampa alama za kadiri. Aliyepewa heshima zote ni William Smith, anayeigiza Moon, kiongozi wa genge linaloitwa The Heads. Mtu ana mikono kama magunia ya mkaa. Mzee mmoja aliikumbuka sura yake: ndiye baba wa Conan katika Conan the Barbarian ya 1982.

Filamu za aina hii zina asili yake. Mwaka 1947, wikendi ya sikukuu ya uhuru ya Marekani, waendesha pikipiki walifurika mji mdogo wa Hollister, California, wakalewa, wakafanya fujo. Jarida la Life likachapa picha ya mlevi juu ya pikipiki, chupa za bia zikiwa zimetapakaa chini ya magurudumu, na hadi leo watu wanabishana kama picha ile ilipangwa. Kutoka hapo ikazaliwa The Wild One ya 1953, na Marlon Brando ndani yake. Uingereza waliinyima kibali kwa zaidi ya miaka kumi. Baadaye zikaja The Wild Angels mwaka 1966 na Easy Rider mwaka 1969. Kufikia zamu ya Namath, mtu wa pikipiki alikuwa ameshahukumiwa kabla hajashuka kwenye kiti.

Sikuhitaji kufafanua sehemu hiyo. Machi 2022, baada ya video ya mwanamke kudhulumiwa na wanaboda kwenye Forest Road, Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza msako. Video ile haikupangwa, mwanamke yule aliumizwa kweli, na waliofanya vile walistahili kukamatwa. Ila msako ulikuja kwa kila mwenye nduthi, hata wa huku Kajiado ambaye Forest Road anaisikia tu redioni. Serikali ni ileile iliyokuwa imeondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka 2008 ili vijana wapate kazi.

Sasa, kutafsiri. Neno nililochagua kwa genge la Moon lilikuwa "kikundi", na kwenye steji kikundi ni chama: kila mtu anatoa kitu kila siku, pesa inakaa kwa mweka hazina. The Heads nao wana utaratibu huo. Kinachopatikana kinaenda kwa Moon, na sehemu kubwa ya kinachopatikana inaletwa na wanawake wa genge, wanaotumwa barabarani kujiuza. C.C. anaingia mashindano ya motokrosi, anapata pesa ya ushindi, na Moon anaidai iingie kwenye mfuko. C.C. anakataa. Ugomvi wote unaofuata, hadi ile mbio ya mwisho kati yao wawili, unatoka hapo.

Mtazamaji wa Marekani mwaka 1970 aliletewa C.C. kama shujaa, na sura ilisaidia. Juni 1969, Namath alikuwa ameambiwa na mkuu wa ligi, Pete Rozelle, auze hisa zake katika baa ya Bachelors III kwa sababu wacheza kamari walikuwa wanakaa humo. Alilia mbele ya waandishi akatangaza kwamba anaacha mpira. Baadaye akauza hisa akarudi uwanjani. Kwa hivyo waliomfahamu walikuwa wanaangalia mtu aliyelazimishwa na wakubwa kuachia mali yake, sasa akipata nafasi ya kusema hapana.

Steji yetu ilimwita mwizi.

"Amekula za wenzake miaka yote, siku yake ikifika anatoroka na kitita?" Huyo alikuwa mwenyekiti, na hakuwa anaongea na laptopu. Kona ya kibanda alikaa kijana ambaye wiki hiyo alikuwa amemaliza kulipia Boxer yake, baada ya miaka mitatu ya kupeleka pesa kwa mwenye pikipiki kila jioni, na ambaye alikuwa ameomba kutoka kwenye chama na akiba yake yote. "Mwenye, aliyeendesha ni nani? Aliyevunjika mbavu ni nani?" Wakaanza. Mimi nikasitisha filamu, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaisikia. Mmoja alisema Moon ana katiba. Mwingine akamuuliza hiyo katiba iliandikwa wapi na nani alipiga kura. Mwenyekiti akasema mtu akitoka na zake zote, atakayelazwa hospitali mwezi ujao atasaidiwa na nini. Kijana akasema yeye hajawahi kulazwa.

Mimi nilikuwa upande wa kijana, na bado niko.

Mathe wa chai, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa zake muda wote, ndiye aliyewanyamazisha. "Na wale wasichana? Si ndio waliweka nyingi? Zao zinarudishwa lini?"

Nikarudisha filamu nyuma, nikatafuta. Kisha nikaipeleka mbele hadi mwisho, mvua ikipungua, wawili wakianza kutoka kuangalia kama kuna mteja. C.C. anapata Ann wake. Kuhusu pesa ya wale wanawake, hakuna anayeuliza.