Mnyama Anayechechemea na Historia ya Sindano



Mwadui imevuma kwa almasi tangu mwaka 1940, lakini kwa sisi majirani wa mgodi, mali iko zizini. Farasi hatuna. Mwaka 1895, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alionyesha kule Zululand kuwa nagana huletwa na vijidudu vinavyobebwa na mbung'o, na farasi huuawa upesi na ugonjwa huo. Miaka ya 1930 utafiti wa mbung'o ulifanyika hapa hapa Old Shinyanga. Basi plau na mkokoteni vikabaki kwa maksai na punda. Maksai akichechemea mvua zinapoanza, chakula cha nyumba nzima kimo hatarini.

Je, sindano itamponya? Wenye farasi wa mashindano wana la kutufunza. Mwaka 1948 huko Marekani, kotisoni ilijaribiwa kwa watu wenye baridi yabisi, maumivu yakatulia. Baadaye dawa za jamii hiyo zikadungwa katika viungo vya farasi. Farasi akaacha kuchechemea, akarudishwa mbioni. Lakini maumivu kutulia si kiungo kupona. Mnyama asiyesikia maumivu hukazana, na kiungo kibovu huzidi kuharibika. Kwa hiyo maksai mwenye goti lililovimba kwanza afunguliwe nira, apumzike, kwato zitazamwe kama zina mwiba au jiwe, kisha aitwe bwana mifugo.

Kuna kuchechemea kwingine kusikongoja: chambavu. Hushika hasa ndama na mitamba wa miezi sita hadi miaka miwili, tena wale walionona. Hapa uvimbe uko kwenye nyama ya paja au bega, si kwenye kiungo. Ukiubonyeza unasikia mchakato wa hewa chini ya ngozi. Penisilini husaidia ikiwahi sana. Wengi hufa katika siku moja au mbili.

Dawa ya kweli ya chambavu ni sindano inayotangulia ugonjwa. Miaka ya 1880, Wafaransa Arloing, Cornevin na Thomas walitengeneza chanjo yake. Siku hizi hutengenezwa hata hapa nchini, Kibaha, pamoja na ya kimeta. Chanja kila mwaka, kabla ya mvua. Ndama dume wa leo ndiye maksai wa kesho.

Na akifa je? Usimchune, usimle. Mbegu za chambavu hukaa udongoni miaka mingi zikingoja ndama wengine. Mchome, au mfukie chini sana.

Basi ndugu mfugaji, tazama uvimbe uko wapi kabla ya kutafuta sindano. Chanjo ya ng'ombe mmoja ni senti chache ukilinganisha na shamba lisilolimwa.