Kabla ya Kujitwika Shanta

Shanta langu limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango tangu mwezi wa Mei. Kila jioni hulishusha, nikalipima kwenye mizani, nikatoa kitu kimoja, kisha nikalirudisha mahali pake. Wenye uzoefu wanasema mzigo wa hujaji usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wake. Mimi nina kilo 68, kwa hiyo haki yangu ni kilo saba kasorobo. Ndani mna mfuko mwepesi wa kulalia, koti la mvua, mashati mawili, jozi tatu za soksi, plasta, mafuta ya mgando ya kupaka vidole vya miguu, na daftari. Redio nimekwisha kuitoa. Kitabu cha sala nimekitoa mara mbili na kukirudisha mara mbili.

Mungu akipenda, mwezi wa Oktoba nitaondoka Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa ulio chini ya milima ya Pyrenees, nitembee peke yangu hadi Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Ni mwendo wa kilometa 780 hivi. Binti yangu ameniuliza mzee wa miaka 74 anatafuta nini huko. Nilimpa jibu la haraka, kwamba nimestaafu na miguu ingali na nguvu. Jibu hilo lilinitosha mpaka nilipoanza kusoma jinsi watu wa kale walivyojiandaa kwa safari hii, nikagundua kwamba jambo ambalo wao walianza nalo mimi sijaligusa kabla.

Msomaji wa nyumbani nimweleze kidogo. Katika karne ya 9, wakati wa Mfalme Alfonso II, askofu aliyeitwa Teodomiro alitangaza kwamba kaburi la Mtume Yakobo limeonekana katika nchi ya Galicia. Habari zikaenea. Mwaka 950 Godescalc, askofu wa Le Puy katika Ufaransa, alifunga safari ya kwenda huko, naye ni miongoni mwa mahujaji wa kwanza kutoka nje ya Hispania ambao majina yao tunayajua. Karne mbili baadaye njia ile ilikuwa na madaraja, hospitali na nyumba za wageni kutoka milimani hadi karibu na bahari. Kama mifupa ile ni ya Yakobo au si yake, sitaki ubishi na mtu. Miguu iliyokwenda huko ilikuwa ya kweli.

Katikati ya karne ya 12 kiliandikwa kitabu kinachoitwa Codex Calixtinus, ambacho kinatunzwa katika kanisa kuu la Santiago. (Mwaka 2011 kiliibwa, kikapatikana mwaka uliofuata katika gereji ya fundi umeme aliyewahi kufanya kazi kanisani humo. Hata vitabu vitakatifu vina safari zake.) Sehemu ya tano ya kitabu hicho ni mwongozo wa msafiri. Mwandishi wake anatueleza mito ambayo maji yake ni salama na ile ya kuogopwa. Kuhusu kijito kimoja cha maji ya chumvi katika Navarra anasimulia kwamba aliwakuta watu wawili wameketi ukingoni wakinoa visu, wakiwangoja farasi wa wasafiri wanywe, wafe, nao wawachune ngozi. Aliwauliza kama maji yanafaa, wakamwambia yanafaa. Farasi wawili wakafa pale pale. Mtu aliyeandika hivyo hakuwa akitunga mahubiri. Alikuwa bado na hasira.

Lakini ni katika sehemu ya kwanza, ndani ya hotuba ndefu iliyojulikana kwa maneno yake ya mwanzo ya Kilatini, Veneranda dies, ndipo nilipokuta habari za shanta. Mkoba wa hujaji, inasema hotuba hiyo, uwe mdogo, kwa sababu mwenye mkoba mdogo hawezi kutegemea akiba yake, atamtegemea Mungu. Uwe wa ngozi ya mnyama aliyekufa, imkumbushe mwenye kuuvaa kuzifisha tamaa zake. Na mdomo wake usifungwe kwa kamba, uwe wazi siku zote, tayari kutoa na kupokea. Fimbo nayo ni mguu wa tatu, na pia ni ya kumfukuzia mbwa na mbwa mwitu. Nikalitazama shanta langu lenye zipu sita.

Hata mkoba huo haukutolewa bure bure. Ulibarikiwa kanisani pamoja na fimbo, na kabla ya kuufikia mkono wa padri, hujaji alikuwa na mambo ya kutimiza. Aungame. Aandike wasia, maana wengi hawakurudi. Mume apate ridhaa ya mkewe, mtawa apate ruhusa ya mkuu wake. Arudishe mali ya watu na alipe madeni. Tusisahau kwamba wakati ule Santiago ilikuwa nusu tu ya safari. Aliyefika aligeuka akarudi kwa miguu ile ile, na aghalabu mtu aliyeondoka majira ya machipuko aliuona tena mji wake majani yakiwa yameanza kupukutika. Leo sisi hurudi kwa ndege, saa mbili au tatu, na pengine ndiyo maana hatuoni haja ya kuaga sana.

Mfano ulionigusa kuliko yote ni wa mwanamke mmoja Mwingereza, Margery Kempe, wa mji wa Lynn. Alikuwa mke wa mtu, amezaa watoto 14. Habari za maisha yake aliwaambia wengine waandike, na hati yake ilionekana tena mwaka 1934 tu. Mwaka 1417 alikwenda Santiago kwa meli kutoka Bristol, siku saba baharini kwenda na siku tano kurudi. Ila ni safari yake ya awali, ya Yerusalemu, aliyoianza vuli ya mwaka 1413, ninayotaka kuitaja. Kabla ya kuondoka alimwomba padri wa parokia atangaze mimbarini kwamba yeyote anayemdai yeye au mumewe aje aseme, naye kwa msaada wa Mungu atampa haki yake mpaka aridhike. Fikiri, msomaji: mbele ya mji mzima, mbele ya majirani ambao tayari walikuwa wakimsengenya kwa kilio chake kanisani.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini, kwa sababu niliwahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu, na halikuwa Uingereza. Sisi upande wa baba ni Wakristo, na upande wa mama ni Waislamu, jambo la kawaida Muheza. Mwaka 1958, nikiwa na miaka saba, babu mzaa mama alijiandaa kwenda Makka. Sikumwona akipanga mzigo hata siku moja. Nilichokiona ni babu akienda nyumba hadi nyumba kwa muda wa wiki nzima, nami nikimshikia bakora yake. Kila mlango alisema maneno yale yale: nimekujia unipe radhi, na kama una haki yako kwangu useme leo, kesho Kiyama sina cha kukulipa. Kwa mwenye duka alilipa kibaba cha sukari ambacho mwenye duka mwenyewe alikuwa amekwisha kukisahau. Kwa jirani mmoja ambaye walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba, alikaa kutoka alasiri hadi magharibi. Walipotoka nje, michungwa mitatu ilikuwa si yetu tena. Bibi alinuna. Babu akaenda Mombasa kupanda meli.

Dini mbili, nchi mbili, miaka zaidi ya 500 kati yao, na maandalizi ni yale yale: nenda kwa mtu uliyemkosea kabla hujaenda kwa Mungu.

Hapa Gent ninapoishi, njia ya Santiago ina historia nyingine pia. Mahakama za miji ya Flanders ziliwahukumu watu kwenda kuhiji kama adhabu: aliyejeruhi, aliyemtukana mwenzake, aliyevunja amani ya mji. Mkosaji alitakiwa arudi na hati ya kuthibitisha kwamba amefika. Lakini kulikuwa na orodha za bei, na mwenye fedha aliweza kulipa asiende. Tajiri mwingine aliacha wasia kwamba baada ya kifo chake mtu akodiwe kwenda kwa niaba yake. Wazo lenyewe halikufa: tangu mwaka 1982 shirika la Oikoten la hapa Ubelgiji lilianza kuwapeleka vijana waliokosana na sheria kutembea hadi Santiago badala ya kufungiwa. Hizo bei ndizo zilizonichoma. Mimi nami kwa miaka mingi nimelipa ili nisiende.

Kaka yangu ndiye aliyeuza ng'ombe wawili nipate nauli ya kuja Ulaya mwaka 1981. Mwaka 1994 nilianza kujenga nyumba Muheza, nikawa namtumia yeye fedha za saruji, mbao na mabati. Nilipofika likizo mwaka 1996, baraza ya nyuma ilikuwa haijaezekwa. Sikumuuliza faraghani. Niliwaita wazee wa ukoo, tukakaa chini ya mwembe, nikamwambia mbele yao kwamba amekula mabati yangu arobaini. Hakujibu. Aliinuka, akachukua kofia yake, akaenda zake. Mwaka 2009 fundi yule, akiwa mgonjwa, alimwambia binamu yetu kwamba mabati aliyabeba yeye usiku. Binamu akanipigia simu. Nilishukuru kwa habari, na tangu siku hiyo nimekuwa nikituma fedha nyumbani kila sikukuu, nyingi kuliko zamani. Neno la kosa langu sikulitamka. Kaka ana miaka 79 sasa. Tulipokutana misibani tuliamkiana tu, shikamoo na marahaba.

Nilikuwa nimechagua Oktoba kwa hesabu nzuri. Jua la kiangazi katika uwanda wa juu wa Hispania ni kali, na watu ni wengi mno: mwaka 2023 zaidi ya watu 446,000 walipewa hati ya kuhitimu hija hiyo. Alama za rangi ya manjano ambazo Padri Elías Valiña alianza kuzichora njiani mwaka 1984, akihofia watu wachache waliobaki wasipotee, leo zinafuatwa na umati. Katika vuli umati hupungua, zabibu huvunwa La Rioja, na karanga za miti ya Galicia huanguka njiani. Ila siku ni fupi, mvua ni nyingi, nyumba za mahujaji huanza kufungwa moja moja, na njia ya juu ya Pyrenees hufungwa kabisa tarehe 1 Novemba hadi mwisho wa Machi. Kwetu neno hilo hilo, vuli, ni mvua ya kupandia. Huku ni majira ya vitu kukoma. Nimeishi miaka zaidi ya arobaini nikilitumia kwa maana zote mbili bila kuona taabu.

Mwezi uliopita nilimpigia kaka simu. Nilimwambia nakwenda kuhiji kwa miguu. Akauliza siku ngapi. Nikasema thelathini na tano. Akauliza na nani. Nikasema peke yangu. Akasema, "Bwana mdogo, wewe siku zote peke yako." Ndipo nikamwomba radhi kwa habari ya mabati. Nilisema yote, hata la fundi, hata kwamba nililijua tangu 2009.

Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Ulinisema mbele ya wazee, chini ya mwembe. Sasa unaniomba radhi sikioni."

Sikuwa na la kujibu. Nikamsikia akikohoa, akaita mtu amletee maji. Halafu akasema, "Na yaliyopotea yalikuwa thelathini na nane. Mawili yalitobolewa vibaya, niliezekea banda la kuku."

Katika wazee saba waliokaa nasi mwaka 1996, wawili wangali hai, na mmoja wao hasikii vizuri. Itabidi niseme kwa sauti. Nimekata tiketi ya Dar es Salaam ya mwanzoni mwa Septemba, nikae Muheza wiki mbili. Mambo yakienda sawa nitakuwa Saint-Jean wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla njia ya juu haijafungwa. Yasipokwenda sawa, shanta litabaki msumarini hadi mwakani. Binti yangu anasema tiketi mbili katika vuli moja ni gharama kubwa kwa mstaafu. Nimemwambia ni kweli.