Kalenda za Wamaya: Hisabu Sahihi, Itikadi Potofu

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), aliyelijaalia jua na mwezi kuwa vya kuhesabia nyakati. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Mwaka 2012 watu wengi duniani walitiwa khofu kuwa dunia itakwisha tarehe 21 Disemba, eti kwa mujibu wa kalenda ya Wamaya. Tarehe ikapita. Je, kalenda hiyo ilisema nini hasa?

Wamaya ni wenyeji wa asili wa kusini mwa Meksiko, Guatemala na nchi jirani. Walikuwa na hesabu tatu kubwa. Ya kwanza ni ya siku 260: majina 20 ya siku yakizunguka pamoja na namba 1 hadi 13. Ya pili ni ya siku 365: miezi 18 yenye siku 20 kila mmoja, kisha siku 5 za ziada. Hesabu hizi mbili zikianza pamoja hukutana tena baada ya siku 18,980, yaani miaka 52 hivi. Ya tatu ilihesabu siku mfululizo tangu mwanzo mmoja, ambao wataalamu wengi huuweka Agosti 3114 kabla ya Masihi. Kila siku 144,000 zilikuwa kipindi kimoja, na mwaka 2012 vilitimia vipindi 13. Hapana zaidi ya hayo. Maandishi yao ya Palenque yanataja hata tarehe ya mwaka 4772! Basi waliotisha watu waliwazulia Wamaya wenyewe.

Bila ya darubini, walipanga majedwali ya kupatwa kwa jua na ya sayari ya Zuhura, wakaihesabia duru ya siku 584. Mwaka 1562, padri wa Kihispania Diego de Landa alivichoma vitabu vyao mjini Maní, kama vile Cisneros alivyochoma vitabu vya Kiarabu Granada miaka sitini hivi kabla yake. Leo vinajulikana vitabu vinne tu.

Hata hivyo, hisabu hiyo ilichanganywa na shirki. Zile siku 5 ziliogopwa kuwa za mkosi. Jirani zao Waazteki, kila miaka 52 ilipotimia, walizima mioto yote na kumchinja mtu ili jua lisikome kuchomoza. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1507.

Ulamaa wetu wametenganisha mambo haya mawili. Hisabu ya nyota kwa ajili ya kibla na nyakati za swala inajuzu. Kuitakidi kuwa nyota au siku huleta kheri na shari ni haramu. Jua lilipopatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kulihusisha tukio hilo na kifo cha yeyote. Akakanusha pia mkosi wa mwezi wa Safar, kama walivyopokea Bukhari na Muslim.

Basi tusiwacheke Wamaya ilhali miongoni mwetu wamo wanaoahirisha nikaha kwa kuogopa Safar, au wanaomwendea mnajimu awachagulie siku ya safari. Ama Kiyama, elimu yake iko kwa Allah peke yake (Suratul-A'raf, 187).

Wallahu a'lam.