Tochi ya Mawe Mawili na Warithi Wake

Ukifungua kifuniko cha nyuma cha tochi ya zamani, ile ya bati linalong'aa yenye michirizi ya kuizuia isiteleze mkononi, mara nyingi utakuta springi nene ya kusukuma betri na, katikati yake, kijitundu kinachoshika glopu ya akiba. Aliyeibuni alijua kwamba glopu itaungua siku moja, na kwamba huenda ikaungua usiku wa manane, mbali na duka. Akaweka nyingine humohumo. Tochi nyingi zinazopangwa leo kwenye meza za wamachinga, Kariakoo au Gikomba, zina mwanga mkali kuliko ile ya bati na bei zake ni nafuu. Lakini mojawapo ikizima, basi. Haifunguki, na hata ikifunguka hakuna cha kubadilisha. Namna tochi ilivyopata mwanga ikapoteza uangalifu ule ni historia inayostahili kusimuliwa, maana mnunuzi wa leo ndiye anayelipia matokeo yake.

Kabla ya tochi kulikuwa na betri. Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alibuni seli ya umeme yenye zinki, kaboni na maji ya chumvi ya amonia ndani ya chupa ya kioo. Ilifaa kengele za milangoni na simu, lakini ukiinamisha ilimwagika, kwa hiyo hakuna ambaye angetembea nayo. Miaka 20 baadaye Mjerumani Carl Gassner aliichanganya ile dawa na jasi mpaka ikawa uji mzito, akaushindilia ndani ya kopo la zinki. Kopo lenyewe likawa ncha moja ya betri. Umeme sasa ungeweza kubebwa. Mwaka 1898 kampuni ya National Carbon ya Marekani ikatoa betri ya duara, nene, yenye urefu wa sentimita 6 na ushei. Ndiyo hii ambayo hadi leo dukani huitwa betri kubwa, na kwa wengi jiwe.

Tarehe 10 Januari 1899, David Misell, Mwingereza aliyekuwa akiishi New York, alipewa hataza ya kifaa chake cha umeme: betri tatu kubwa zilizopangwa mstari ndani ya bomba la karatasi ngumu, glopu mbele, na kioo cha shaba nyuma ya glopu ili kusukuma mwanga. Haki alimwachia Conrad Hubert, mhamiaji kutoka Minsk aliyekuwa na kampuni ya vitu vya ajabuajabu vya umeme. Hubert alikuwa mfanyabiashara hasa. Aliwagawia tochi hizo polisi wa New York, nao wakazisifia, na sifa zao zikawa tangazo. Kampuni yake ikaja kujulikana kwa jina la Ever Ready.

Tochi hizo za kwanza zilikuwa dhaifu. Uzi wa glopu ulikuwa wa kaboni, unaokula umeme kwa pupa, na betri zilichoka upesi. Mtu alibonyeza, akamulika kwa sekunde chache, akaachia ili betri ipumzike. Ukombozi ulikuja na uzi wa tungsteni. Mwaka 1910 William Coolidge, wa kampuni ya General Electric, alipata njia ya kuivuta tungsteni iwe uzi mwembamba usiokatika ovyo, na tochi ikaanza kuwaka kwa dakika nyingi mfululizo. National Carbon ilikuwa imeshanunua nusu ya biashara ya Hubert mwaka 1906. Mwaka 1914 ikachukua yote.

Kilichoifanya tochi iaminike, hata hivyo, hakikuwa uzi wala kioo. Kilikuwa kipimo. Viwanda vilipokubaliana kutengeneza betri za umbo moja, mtu hakuhitaji tena kumtafuta aliyemuuzia tochi. Betri ya kampuni moja iliingia kwenye tochi ya kampuni nyingine, iliyoundwa nchi nyingine. Kipimo cha betri kubwa hakijabadilika kwa zaidi ya miaka 120. Vifaa vya umeme vyenye bahati hiyo ni vichache mno.

Afrika Mashariki ilipokea tochi kama ilivyopokea baiskeli na cherehani, kupitia maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi na ya miji ya bandari. Nyumbani bado ilikuwa koroboi, au chemli kwa mwenye uwezo, na wavuvi walikuwa na karabai. Tochi ilikuwa na kazi yake yenyewe: kutoka nje. Mlinzi wa zamu aliihitaji, na mfugaji aliyesikia fisi zizini, na mkunga aliyeitwa usiku kijiji cha pili. Koroboi huzimwa na upepo. Tochi haijali upepo wala manyunyu, wala haiwashi moto kwenye makuti.

Betri nazo zilifuata. Tawi la Uingereza la Ever Ready, lililojitegemea mwaka 1914, liliuza nje kwa jina la Berec, na jina hilo likasomwa kwenye rafu za maduka ya makoloni mengi ya Afrika. Baada ya uhuru viwanda vikahamia karibu. Nakuru kikajengwa kiwanda cha betri za Eveready, zenye nembo ya paka anayeruka kupitia tarakimu 9, na Wakenya wakalijua tangazo la Paka Power. Dar es Salaam, katika miaka ya 1960, Wajapani wa Matsushita walianzisha kiwanda kilichotoa betri za National. Mtu mzima wa Tanzania aliyewahi kumiliki redio ya mkulima hahitaji kuelezwa. Kutoka Guangzhou, China, zikaja betri za Tiger Head zenye picha ya kichwa cha chui milia, za kiwanda kilichoanza mwaka 1928, na zimeenea mpaka maduka ya vijiji ambako gari hufika mara moja kwa wiki.

Kwenye maduka hayo ndiko uaminifu wa tochi ya mawe mawili ulikokuwa. Mwenye tochi ya bati hakuwa na karatasi ya dhamana. Alikuwa na duka lenye betri, glopu ndogo za kufungwa kwa kukaza, na mara nyingine kioo cha mbele cha kubadilisha. Swichi ikilegea, aliipinda kwa ncha ya kisu. Mguso ukikatika kati ya betri na kifuniko, alikunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara akaishindilia hapo, tochi ikawaka.

Betri iliyochoka haikutupwa siku hiyohiyo. Ilianikwa juani, juu ya bati au ukingo wa dirisha, na jioni ikatoa mwanga kwa muda. Elimu ya wazee waliofanya hivyo ilikuwa sahihi: joto huharakisha dawa iliyomo ndani, na mapumziko huipa nafasi ya kujirudi kidogo. Ikishindwa kabisa kuwasha tochi, ilihamishiwa kwenye redio, inayohitaji umeme mdogo zaidi. Onyo lilikuwa moja tu: usiisahau ndani ya tochi. Kopo la zinki ndilo linaloliwa betri inapofanya kazi, na likishatoboka, maji yake huvuja na kuila springi. Tochi nyingi za bati ziliuawa na betri zilizosahaulika kabatini, wala si kwa kuanguka.

Uaminifu huo ulijaribiwa vikali Tanzania baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zilikauka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na khanga vikawa vya kupangiwa foleni. Betri nazo ziliadimika. Tochi nzima, isiyo na hitilafu yoyote, ilikaa imening'inia ukutani kwa kukosa mawe, na watu wakarudi kwenye koroboi, pale mafuta ya taa yalipopatikana. Mnunuzi mwenye akili huuliza juu ya betri kabla ya kuuliza juu ya tochi, na kizazi kilichopita katika miaka ile kilijifunza swali hilo kwa taabu.

Kisha glopu yenyewe ikafa. Sehemu kubwa mno ya umeme unaopita kwenye uzi wa glopu, zaidi ya asilimia 90, hupotea kama joto. Kijitaa cha LED hakina uzi wa kuungua. Nick Holonyak alikuwa ameshatengeneza chenye mwanga mwekundu unaoonekana mwaka 1962, lakini mwekundu haufai kutafutia njia. Kilichokosekana kwa miaka 30 ni rangi ya buluu, ambayo ndiyo msingi wa kupata nyeupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, Wajapani kwa kuzaliwa, waliihangaikia mpaka ikapatikana. Kampuni ya Nichia, alikokuwa Nakamura, ikatangaza ya buluu yenye nguvu mwaka 1993 na ya mwanga mweupe mwaka 1996. Mwaka 2014 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Waafrika wengi hawakukutana na LED kwenye tochi kwanza. Walikutana nayo kwenye simu. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na batani zilizofunikwa zisiingie vumbi na kijitaa kichwani, na iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Simu ya bilioni moja ya Nokia, iliyouzwa Nigeria mwaka 2005, ilikuwa ya aina hiyo. Kenya ikaziita simu za namna hiyo mulika mwizi, Tanzania zikaitwa vitochi. Watu waliokuwa wakinunua betri kila mwezi kwa ajili ya kwenda chooni usiku wakaacha.

Tochi za LED zilimwagika sokoni karibu wakati huohuo, kutoka China, kwa bei ambayo tochi ya bati haikuiweza. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, watafiti wa Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Humboldt State, vyote vya California, waliwafuatilia watumiaji wa tochi hizo katika miji mitatu ya Kenya: Kericho, Brooke na Talek. Katika miezi sita, wengi mno kati yao walipata hitilafu. Watafiti waliogopa jambo lililo zito zaidi ya tochi mbovu: kwamba maskini aliyeungua mara mbili ataikataa teknolojia nzima, pamoja na taa nzuri za sola zilizokuwa zinakuja. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, ulioanza majaribio Kenya na Ghana, ulijengwa kwa sehemu juu ya hofu hiyo, ukaweka vipimo vya kuzikagua bidhaa kabla ya kuzipendekeza.

Ubaya wa tochi hizo una sababu zinazoeleweka. Nyingi za kuchaji huwa na betri ndogo ya risasi na asidi, jamaa ya betri ya gari. Betri hiyo ikimalizika na kukaa siku kadhaa bila kuchajiwa, salfeti huganda kwenye sahani zake na haipokei tena umeme sawasawa. Mnunuzi asiye na umeme nyumbani, anayechaji mjini siku ya gulio, ndiye anayeumia kwanza. Meno mawili ya tochi hizo, ya kuchomeka ukutani, hayaingii bila ubishi kwenye soketi zetu za matundu matatu, mpaka mtu achokonoe tundu la juu kwa kijiti au kalamu, jambo la hatari. Nyingine hutumia betri ya lithiamu iitwayo 18650, maana yake milimita 18 kwa 65, na juu yake huandikwa kwamba ina uwezo wa 9900 mAh. Betri bora kabisa za umbo hilo hazifikii hata nusu ya hapo.

Marekani waliliona tatizo la namba za uongo kwao pia. Mwaka 2009 watengenezaji walikubaliana kipimo kiitwacho ANSI FL 1, kinachoeleza namna ya kupima mwanga, umbali unaofika, muda wa kuwaka, kuanguka na kuvumilia maji. Alama zake huchapwa kwenye boksi la tochi, na zinastahili kutafutwa, ingawa nazo huweza kughushiwa.

Kwa upande wa betri, Nakuru nako mambo yalibadilika. Kiwanda cha Eveready kilifungwa mwaka 2014, kikilemewa na gharama na betri za bei ya chini kutoka nje.

Kwa anayenunua leo kwa fedha kidogo, hukumu ya historia hii iko wazi. Tochi ya LED moja au chache, inayotumia betri za kawaida zinazouzwa kwenye duka la jirani, inayofunguka kwa mkono na kuonyesha springi na mguso wake, bado ni ununuzi bora kuliko ya kuchaji iliyofungwa kwa gundi, hata kama ya pili inamulika ng'ambo ya bonde. Anayetaka ya kuchaji achague ile ambayo betri yake hutoka. Iwashwe na kuzimwa mara nyingi palepale mezani, itikiswe ikiwa inawaka; ikipepesa, mguso wake umelegea. Na muuzaji akikataa isifunguliwe, irudishe, uende meza ya pili.