Kambare na ngege katika kidimbwi kimoja

TANGU serikali ianze kuwachimbia wakulima vidimbwi mwaka wa 2009, wengi wamejifunza kwamba si kila samaki hukaa salama na mwenzake.

Ngege hupenda maji ya joto; chini ya nyuzi 20 hukua polepole. Ndiyo sababu hukawia Kitale, iliyo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kuliko Bungoma, iliyo chini zaidi. Tena huzaana upesi hata wakasongamana na kudumaa.

Kambare wachache huzuia msongamano huo kwa kula vifaranga. Lakini kambare mkubwa huwala hata ngege wenyewe. Tanguliza ngege, wakue kiasi, ndipo utie kambare wadogo kuliko wao. Akosaye utaratibu huu huvuna kambare wanono pekee.